Kazi Mpya Haitoshwi na Usiku Mmoja

Hotuba iliyotolewa Mombasa, usiku wa kwanza wa maonyesho ya kazi mpya za baleti

Wazee wetu, mama zetu, ndugu zetu mliovuka feri kutoka Likoni, mliotoka Kisauni, Nyali na Changamwe, nanyi vijana mliojaza safu za nyuma, assalamu alaikum na hamjambo nyote.

Kazi tatu mtakazoziona usiku huu hazijawahi kuonwa na mtazamaji yeyote. Hakuna gazeti lililoziandika, wala hakuna video zake za kutafuta kwenye simu. Watunzi wake wote wako hai, na wako humu ukumbini. Hakuna mtu wa Nairobi, London wala Paris aliyekwisha kutuamulia kama ni nzuri au ni mbovu. Uamuzi unaanzia kwetu, na jambo hilo mimi naliona kubwa kuliko maua na makofi mtakayowapa wachezaji mwishoni.

Kampuni imeniomba niwaeleze baleti ni nini kwa dakika chache. Nitawaeleza. Lakini ombi langu nalitanguliza: mkitoka leo, rudini. Maonyesho ni matatu. Leo Alhamisi, kisha Jumamosi usiku, kisha Jumapili alasiri, Ijumaa tumeipumzisha. Rudini mkiwa mmependa, na rudini hata mkiwa hamkupenda. Densi mpya haijulikani kwa kuonwa mara moja, na nyingi zilizokufa duniani zilikufa kwa kukosa watu waliorudi kuziona tena.

Baleti, basi. Ilizaliwa katika majumba ya wakubwa huko Italia, ikalelewa Ufaransa, na mwaka 1661 Mfalme Louis wa 14, ambaye mwenyewe alikuwa mchezaji, akaunda chuo cha densi mjini Paris. Ndiyo maana mpaka leo hatua zake huitwa kwa Kifaransa, uwe Moscow, Havana au katika darasa la watoto pale Kibera. Miguu hugeuzwa nje kuanzia nyongani. Mgongo husimama. Kuna mikao mitano ya miguu, na karibu kila hatua huanzia katika mmojawapo na kurejea katika mmojawapo. Hayo yanatosha kwa usiku huu, mengine mtayaona.

Ninachotaka tukae nacho zaidi ni yale yanayoikuta kazi inapokuwa mpya.

Chukueni Swan Lake, ile hadithi ya binti aliyerogwa akageuka batamaji. Hata mtu asiyewahi kuketi katika ukumbi wa baleti amelisikia jina hilo. Ilipochezwa mara ya kwanza katika ukumbi wa Bolshoi, Moscow, mwaka 1877, haikupokewa vizuri. Densi yake ilionekana dhaifu, na wapo waliolalamika kuwa muziki wa Tchaikovsky ulikuwa mzito mno kwa baleti. Ilichezwa miaka michache, kisha ikawekwa kando. Tchaikovsky alifariki mwaka 1893 bila kuona heshima ambayo kazi hiyo ingekuja kupata. Ni mwaka 1895, St. Petersburg, Marius Petipa na Lev Ivanov walipoitungia densi upya, ndipo ikawa ile ambayo kampuni za dunia nzima huirithishana. Miaka 18 ilipita kati ya Swan Lake ya kwanza na ile tunayoijua. Lau watu wa Urusi wangesema tulikwisha kuiona na haikutupendeza, leo tungekuwa na nini?

Ipo nyingine ambayo haikupata bahati hiyo. Tarehe 29 Mei, 1913, kampuni ya Sergei Diaghilev ilionyesha Paris kazi mpya iitwayo Le Sacre du printemps, yaani Tambiko la Majira ya Kuchipua. Muziki ulikuwa wa Igor Stravinsky na densi ilitungwa na kijana Vaslav Nijinsky. Baleti inataka miguu ielekee nje, naye aliigeuza ndani. Baleti inataka mchezaji aonekane kama hana uzito, naye aliwainamisha wachezaji wake wakapiga nyayo chini kwa nguvu. Ukumbi uligawanyika. Watu walizomea, wengine wakawazomea waliozomea, kelele zikawa nyingi hata wachezaji hawakuweza kuusikia muziki, na Nijinsky akawa amesimama juu ya kiti pembeni mwa jukwaa akiwahesabia mapigo kwa sauti. Baadaye ilichezwa mara chache tu, Paris na London, kisha densi hiyo ikapotea. Muziki haukupotea, kwa sababu Stravinsky alikuwa ameuandika. Densi ilikuwa imehifadhiwa miilini mwa wachezaji, na wachezaji walitawanyika.

Miaka 74 baadaye, mwaka 1987, kampuni ya Joffrey Ballet ya Marekani iliirudisha jukwaani. Mtafiti Millicent Hodson alikuwa ametumia miaka mingi kuokoteza michoro, picha, maandishi ya pembeni ya karatasi za muziki na kumbukumbu za wazee waliokuwapo. Mwili mmoja baada ya mwingine, hatua moja baada ya nyingine. Kazi yote hiyo ilifanywa ili kurudisha kitu ambacho watu wa 1913 walikuwa nacho mbele ya macho yao!

Muziki ule haukukaa bure katika muda huo. Watunzi wengi waliutungia densi zao, na mwaka 1975 Mjerumani Pina Bausch alitunga yake, inayochezwa juu ya udongo uliotandazwa jukwaa zima. Mwaka 2020 kazi hiyo ya Bausch ilifundishwa Senegal, katika École des Sables, chuo cha densi cha Mama Germaine Acogny kijijini Toubab Dialaw, ufukweni kabisa. Wachezaji walitoka katika nchi 14 za Afrika. Walikuwa karibu kuionyesha Dakar ndipo korona ikafunga dunia. Kabla hawajatawanyika, waliicheza yote mchangani, bahari iko nyuma yao, na zoezi hilo likapigwa filamu. Mwaka uliofuata walianza kuizungusha katika kumbi za dunia. Sisi watu wa pwani tungefaa kuitazama filamu ile, kwa sababu mchanga ule ni kama wa kwetu na vijana wale wangeweza kuwa wa kwetu.

Sasa wana wa Mvita, nani amesema sisi ni wageni wa jambo hili?

Bibi zetu walikuwa na vyama vya lelemama, ile ngoma ya wanawake. Katika miaka ya 1930 na 1940 mji huu ulikuwa na Ibinaal Watan na Banu Saada, vyama viwili vya wanawake vilivyoshindana hasa. Walishindana kwa nyimbo, kwa mavazi, kwa karamu, na kwa namna safu ya wanawake ilivyopeleka mikono na shingo pamoja bila pupa. Upande mmoja ukitoa wimbo wa kuwachoma wenzao, upande wa pili haulali mpaka umejibu. Kabla ya hao kulikuwa na beni, na majina ya vyama vyake, Kingi na Scotchi, bado yanakumbukwa na wazee wa Mji wa Kale. Wazee hao waliliona gwaride la Wazungu, wakaziona tarumbeta, ngoma za bendi na vyeo vya kijeshi, wakavichukua vyote na kuvifanya ngoma ya pwani. Hawakuomba ruhusa. Hawakusema kwamba jambo hilo ni la kigeni hivyo hatulielewi. Walilikamata, wakalitia maringo ya kwao, wakashindana nalo mpaka likaenea Afrika Mashariki nzima.

Na waamuzi walikuwa akina nani? Walikuwa watu waliosimama kando ya uwanja. Walijua nani kakosea mpigo, nani kapendeza kwa nguo tu lakini hana ngoma, nani kaiga wimbo wa jirani. Walirudi nyumbani wakibishana, na kesho yake ubishi uliendelea kisimani na barazani. Ngoma ile ile waliiona arusini, wakaiona sikukuu, wakaiona mashindanoni. Walikuwa na mahali pa kuilinganisha na ile ya jana.

Hicho ndicho nakikosa kila ninapoona densi ya jukwaani hapa mjini. Tunakuja kwa adabu nyingi. Tunavaa vizuri, tunakaa kimya, tunapiga makofi pale jirani anapopiga, tunasema ilikuwa nzuri sana, tunaondoka. Mtunzi aliyekesha miezi anabaki na neno nzuri mkononi, nalo halimsaidii kitu. Mwambieni mlipochoka. Mwambieni pale ambapo nywele ziliwasimama. Mwambieni kuwa yule mchezaji wa kushoto alikuwa akitazama chini muda wote. Heshima kubwa mnayoweza kumpa mtunzi ni kuitazama kazi yake kama bibi zetu walivyoitazama safu ya wapinzani wao.

Nisimame kidogo kwenye jambo ambalo nimeulizwa na wazazi zaidi ya mara moja, nalo ni mavazi. Swali hilo ni la haki na halistahili kuchekwa. Baleti yenyewe ilianza kwa magauni mazito yaliyofika chini. Karne ya 18, mchezaji Marie Camargo alipofupisha sketi yake kidogo mjini Paris ili hatua za miguu zionekane, watu walishtuka. Maana yake mavazi katika baleti yamekuwa yakibadilika tangu zamani, na hubadilishwa na watunzi kulingana na kazi na watu wanaoitazama. Usiku huu hamtaona sketi zile ngumu zinazosimama kiunoni. Mtaona mikono mirefu, suruali za nguo nyepesi, na katika kazi ya tatu vitambaa vilivyonunuliwa Biashara Street. Fundi aliyevishona ni mtu wa hapa hapa, na ameshona kwa namna ambayo mchezaji anaweza kurusha mguu na bado akawa na stara. Hiyo ni kazi ngumu kuliko mnavyodhani, nami namshukuru mbele yenu.

Kuna mengine ambayo hamtayaona, nami naona ni vizuri myajue.

La kwanza ni sakafu. Mchezaji wa baleti huruka na kutua mara nyingi mno kwa siku moja ya mazoezi. Akitua kwenye saruji kila siku, mfupa wa muundi huanza kuuma, kisha hupata nyufa ndogo ndogo, na hapo msimu wake umekwisha. Ndiyo maana kampuni za baleti hudai sakafu ya mbao iliyoinuliwa, yenye nafasi chini yake ili inepe mguu unapotua, na juu yake hutandikwa zulia la plastiki lisiloteleza. Kumbi nyingi za mji huu ni saruji na vigae. Sakafu mnayoiona mbele yenu ililetwa vipande vipande kwa lori na ikafungwa na mafundi seremala waliofanya kazi mpaka alfajiri. Nauli, mbao, misumari na ujira wao ulichukua sehemu kubwa ya fedha za onyesho hili.

La pili ni viatu. Kiatu kinachomwezesha mchezaji kusimama juu ya ncha za vidole hakina chuma wala mti ndani yake, kama wengi wanavyofikiri. Ile sehemu ngumu ya mbele ni matabaka ya kitambaa na karatasi yaliyoshikanishwa kwa gundi, na juu yake imevalishwa satini. Jasho na joto huilegeza. Mchezaji wa kampuni kubwa huweza kumaliza jozi nzima katika onyesho moja. Sasa tafakarini fukuto letu la Mombasa, hewa ambayo chumvi haimwagiki kutoka kwenye kichupa. Kiatu kilichokaza asubuhi huwa kimelainika kabla ya adhuhuri. Wachezaji hawa wamekuwa wakimimina gundi ndani ya viatu usiku, wakivianika mbele ya feni, wakivigeuza, wakivipumzisha kwa zamu. Mkimwona binti amesimama juu ya mguu mmoja usiku huu na hatetemeki, jueni amesimama juu ya kitu ambacho hewa ya mji huu imekuwa ikijaribu kukiyeyusha wiki nzima.

Na tazameni rangi ya viatu hivyo. Kwa zaidi ya karne moja viatu vya baleti vilitengenezwa kwa rangi ya waridi, ili vifanane na ngozi ya Mzungu na mstari wa mguu usikatike machoni. Mchezaji mweusi alilazimika kuvipaka vipodozi, jozi baada ya jozi. Kwa Uingereza, mwaka 2018 ndipo Ballet Black, kampuni ya London iliyoanzishwa mwaka 2001 kwa ajili ya wachezaji weusi na wa asili ya Asia, ikashirikiana na watengenezaji wa Freed kutoa viatu vya rangi ya kahawia. 2018, jamani! Wanafunzi wengi wa shule walio hapa walikuwa wamekwisha kuzaliwa.

Kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyompa nafasi kijana wa Afrika Kusini, Mthuthuzeli November, kutunga Ingoma mwaka 2019, kazi inayohusu wachimba migodi weusi na mgomo wao wa 1946. Wachezaji wanavaa mabuti ya mgodini pamoja na mafunzo yao yote ya baleti. Mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Olivier ya densi mpya bora Uingereza. Hakuna aliyejua itafika huko siku ya mazoezi ya kwanza.

Na siwezi kusimama hapa nizungumzie kazi mpya nisimtaje Dada Masilo, binti wa Soweto, aliyetutoka Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 39. Aliichukua Swan Lake, akawavua wachezaji viatu, akawavisha sketi za batamaji wanawake na wanaume, akaichanganya na hatua za ngoma za Afrika Kusini, akaifanya iulize maswali ambayo familia nyingi hazitaki kuulizwa kuhusu nani anaruhusiwa kumpenda nani. Kisha mwaka 2017 akaigusa Giselle. Katika Giselle ya 1841, msichana aliyedanganywa na mwanamume anakufa kwa uchungu, halafu mzimu wake unamwokoa mwanamume yule yule. Kwa Masilo, malkia wa mizimu ni sangoma, mganga wa jadi wa Afrika Kusini, mwenye usinga mkononi, na Giselle hasamehi. Nimeitazama mara nyingi na kila mara naona kwamba Masilo hakuichokoza baleti kwa kuidharau. Aliijua yote, hatua kwa hatua, ndipo akaiuliza. Ninawapa wanafunzi wangu kazi yake kwanza, kabla ya zile za Urusi, kwa sababu wakiiona hawaogopi tena.

Nirudi kwenye kazi za usiku huu.

Ya kwanza haina hadithi. Nawaomba sana msiitafute. Mtawaona wanawake saba na muziki wa nyuzi, na mtu aliyezoea taarabu kusikiliza ganuni na fidla zikisemezana hatapata shida yoyote. Chagueni mchezaji mmoja tu mumfuate kwa dakika mbili. Kisha mwachieni mwingine.

Ya pili ni ya wanaume wawili, na mtunzi wake amelelewa akitazama kirumbizi, ngoma ya fimbo ya pwani. Zumari ipo. Fimbo hazipo. Ameziondoa, akaacha miili ikumbuke kana kwamba bado zimeshikwa: kukwepa, kunyata, kungoja mwenzako akose subira. Wazee mnaoijua kirumbizi, nyinyi ndio wakaguzi wake. Mkiona wameivunja, semeni.

Ya tatu ni ya kampuni nzima, na imetokana na kivuko cha Likoni: watu wengi, macho yote majini, kila mmoja ana haraka yake na hakuna anayeweza kuondoka. Kuna sehemu ndefu isiyo na muziki. Watoto wataanza kuuliza maswali. Waacheni waulize. Mwisho wa kazi hiyo ulibadilishwa jana usiku, na mtunzi ameniambia huenda akaubadilisha tena kabla ya Jumamosi.

Wapo watakaoona hiyo ni dalili ya kutojipanga. Sivyo. Mtunzi wa baleti George Balanchine alipofika Marekani akaanza kutunga Serenade mwaka 1934, hakuwa na kampuni. Alikuwa na wanafunzi. Jioni ya kwanza walikuja wasichana 17, akapanga densi ya watu 17. Siku moja msichana alichelewa, akaanguka mwingine, naye akauingiza uchelewaji ule na anguko lile katika densi, na mpaka leo vimo. Mwaka 1940 alikuwa bado akiiongezea sehemu. Anayetazama Serenade siku hizi huona kazi iliyopita katika mikono ya maonyesho mengi. Hivyo atakayerudi Jumapili huenda akaona kitu ambacho ninyi wa leo hamtakiona, na ninyi mtakuwa na kitu ambacho yeye hana. Hapo ndipo maneno yataanza barazani.

Sasa nina neno kwa wenye uwezo, nanyi mko humu, wengine nawaona. Wafanyabiashara wa mji huu si wachoyo. Mkiombwa mchango wa usiku wa ufunguzi mnatoa: bango, viti, sharubati, picha na wageni. Nawashukuru. Lakini usiku wa ufunguzi ndio unaohitaji msaada kidogo kuliko siku zote nyingine. Kinachokosekana ni wiki za mazoezi: nauli ya mchezaji anayetoka Mtwapa kila asubuhi, chakula chake cha mchana, kodi ya chumba chenye sakafu nzuri, na ujira wa msimamizi wa mazoezi anayekumbuka kila hatua ya kila mtu. Kinachokosekana zaidi ni onyesho la pili, la tatu na la kumi, mwezi ujao na mwaka ujao, wakati kamera hazipo. Kazi iliyogharimu miezi kuundwa huchezwa usiku mmoja, wachezaji wanarudi kwenye kazi zao za hoteli na madukani, na baada ya mwaka hakuna mwili unaoikumbuka. Hatuhitaji mtu kama Bi Hodson aje kuokoteza vipande vyetu miaka 74 kuanzia leo.

Mjini Stuttgart, Ujerumani, katika miaka ya 1960 na 1970, haikuwa serikali iliyoanzisha usiku wa watunzi chipukizi. Ilikuwa jumuiya ya wapenzi wa baleti, watu wa kawaida wanaopenda kutazama, walioshirikiana na kampuni ya mji wao, iliyokuwa chini ya John Cranko mpaka alipofariki mwaka 1973. Waliwapa wachezaji vijana jukwaa na watazamaji, wajaribu kutunga. Miongoni mwa waliojaribu kutunga hapo wakiwa hawana jina ni John Neumeier, Jiří Kylián na William Forsythe. Watatu hao baadaye waliongoza kampuni za Hamburg, Uholanzi na Frankfurt, na hakuna mwanafunzi wa baleti leo ambaye mwili wake haujaguswa na kazi zao. Waliofanya hivyo walikuwa watu walionunua tiketi na wakarudi. Mombasa ina vyama vya maulidi, vya kufa na kuzikana, vya harusi, vya soka, vya kina mama vya kuweka na kukopa. Chama cha watazamaji wa densi hakitushindi. Daftari liko mezani mlangoni, pamoja na kalamu. Anayeandika jina lake ataitwa mazoezini mara moja kila mwezi, ataona kazi ikiwa bado mbichi, na atatakiwa kusema. Mchango ni wa hiari.

Utaratibu uliobaki ni huu. Kati ya kazi ya pili na ya tatu kuna mapumziko, na chumba cha swala kimeandaliwa upande wa kushoto. Simu zizimwe, kwa sababu mwanga wake hufika machoni mwa wachezaji katika sehemu zenye giza. Baada ya kazi ya tatu watunzi wote watatu watakaa kwenye viti hapa mbele, na kipaza sauti kitazunguka. Tungependa waanze kusema wale waliokaa nyuma. Jumapili saa nne asubuhi kuna mazoezi ya wazi kwa watoto, bila malipo, na watakaokuja watavua viatu na kupanda kwenye sakafu hii wenyewe. Tiketi ya leo msiitupe: mkiionyesha Jumamosi au Jumapili mtaingia kwa nusu bei.